AFYA YA NYUMBANI: Kitambaa cha Kolajeni na Donda Ndugu



Juma hili tuzungumze habari za vidonda. Hakuna nyumba katika Unguja isiyovijua. Mama wa Jambiani aliyekwenda mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza hurudi na mguu uliochanwa na jiwe. Mkulima wa mwani wa Paje hukanyaga gamba la chaza. Mtoto wa Mji Mkongwe huteleza kwenye ngazi akachubuka goti, na seremala wa Malindi hujikata kwa patasi yake mwenyewe. Vidonda vingi vya namna hiyo huoshwa, hufungwa, na baada ya siku kumi au kumi na nne vimekwisha kusahauliwa.

Lakini kuna kidonda cha namna nyingine. Huanza kidogo kama hivyo, pengine ni lengelenge tu la kiatu kipya, nacho hakiponi. Mwezi hupita, na wa pili. Kiswahili kimekipa jina la donda ndugu, na jina lamfaa, maana hukaa na mtu kama jamaa wa nyumba moja asiyetaka kuaga. Mara nyingi mwenye donda hilo ni mtu mwenye maradhi ya sukari, na donda lenyewe liko mguuni. Likiachwa, mwisho wake waweza kuwa kukatwa kidole, au mguu mzima, au kupoteza maisha.

Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo akiuliza huku na huku, hakosi kusikia habari za kitambaa kipya cha kidonda kinachoitwa kitambaa cha kolajeni. Jamaa aliye Maskati au London huahidi kukituma, na watu wa nyumbani huanza kuchanga fedha, maana bei yake si ndogo. Je, yafaa kukinunua?

Nitakupa jibu fupi sasa hivi, kisha nieleze. Kitambaa hicho ni kitu cha kweli, si hila ya wauza dawa. Lakini hakitangulii. Yako mambo manne yanayokitangulia, na mtu akiyaruka hayo akanunua kitambaa, ni sawa na aliyenunua mabati ya paa kabla ya kusimamisha kuta.

KOLAJENI NI NINI?

Chemsha makongoro ya ng'ombe kwa saa nyingi, kisha acha supu ipoe usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda na kutikisika kwenye sufuria. Kile kilichoigandisha kilikuwa kolajeni, iliyolainishwa na moto. Ni protini iliyomo katika ngozi, mifupa, kano na mishipa ya kila mnyama, na ya mwanadamu pia. Katika mwili wako, karibu theluthi ya protini yote ni kolajeni. Ukiitazama kwa undani kabisa, ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kama vile akina mama wa shamba wanavyosokota kamba ya usumba. Ndiyo maana ina nguvu, na ndiyo maana ngozi ukiivuta haichaniki kama karatasi.

Basi mtu akijikata, mwili hufanya kazi yake kwa zamu. Kwanza damu huganda na kuziba tundu. Kisha askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huja kuua vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Siku hizo kidonda huwa chekundu, chenye joto na maumivu. Zamu ya tatu ni ya wajenzi. Hao hutandika nyuzi za kolajeni chini ya kidonda, na juu yake hutambaa mishipa midogo ya damu na ngozi mpya kutoka pembezoni. Hapo ndipo unapoona nyama nyekundu yenye chembechembe, nayo ni dalili njema. Zamu ya mwisho huchukua miezi mingi: nyuzi hupangwa upya na kukazwa, na kovu hupata nguvu. Hata hivyo kovu halifikii nguvu za ngozi ya asili. Likijitahidi sana hufika kama 80 kwa mia.

Fikiri nyumba ya Mji Mkongwe. Mawe na chokaa huonekana, lakini boriti ndizo zinazobeba dari. Kolajeni ndiyo boriti za kidonda.

Sasa katika donda ndugu zamu ya pili haiishi. Askari walioitwa kusafisha huendelea kumwaga vimeng'enya vyao, yaani vile vitu vinavyoyeyusha nyama iliyokufa. Nyama iliyokufa ikikosekana, huyeyusha ile mpya. Wajenzi hujenga mchana, wabomoaji hubomoa usiku, na asubuhi donda liko pale pale.

KAZI YA KITAMBAA

Hapo ndipo waliotengeneza kitambaa walipopata wazo lao. Huchukua kolajeni ya mnyama, mara nyingi ngozi ya ng'ombe, pengine nguruwe, farasi au samaki. Huisafisha, huiua vijidudu vyote, huikausha, na kuifanya iwe kama sponji nyembamba, au karatasi, au unga. Mwuguzi huiweka juu ya kidonda kilichokwisha kusafishwa. Hufyonza majimaji na kuwa laini kama uji mzito, na wale wabomoaji huanza kuila hiyo badala ya kula nyama mpya ya mgonjwa. Wakati huo huo wajenzi hupata kama jukwaa la fundi, mahali pa kukanyagia. Baada ya siku chache kitambaa huyeyuka chenyewe. Kwa hiyo usishangae mwuguzi akifungua bandeji asikione tena, wala usimwambie akwangue kilichobaki.

Wala si jambo geni kabisa kwa madaktari kutumia kolajeni ya wanyama. Uzi wa zamani wa kushonea watu hospitalini ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, nao ni kolajeni. Mwaka 1981 huko Boston, Marekani, daktari wa upasuaji John Burke na mtaalamu Ioannis Yannas walitoa taarifa ya ngozi ya kutengenezwa kwa watu walioungua vibaya. Waliichanganya kolajeni ya ng'ombe na kitu kilichotolewa katika gegedu la papa. Sisi tumemjua papa kwenye mchuzi, kumbe ana kazi nyingine. Na huko Fortaleza, Brazil, tangu katikati ya miaka ya 2010, madaktari wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya perege, kwa kuwa ina kolajeni nyingi.

Lakini tafadhali sana, usitoke hapo ukaenda soko la Darajani kununua samaki na kubandika ngozi yake kwenye jeraha la mtoto! Ngozi ile ya Brazil huoshwa kwa dawa na kuuliwa vijidudu kwa utaratibu mrefu kabla ya kumgusa mgonjwa. Ya sokoni italeta usaha tu. Vivyo hivyo kwa mwani. Ni kweli kwamba vipo vitambaa vya vidonda vinavyotengenezwa kwa mwani, lakini ni mwani wa kahawia, na hupitia kiwandani. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine, na kazi yake kubwa ni katika vyakula.

JE, KIMEPIMWA?

Kimepimwa, na yafaa ujue matokeo kabla ya kufungua mkoba. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 276 wenye vidonda vya miguu kwa sababu ya sukari. Nusu yao, yaani 138, walifungwa kitambaa chenye kolajeni. Wengine 138 walifungwa shashi ya kawaida iliyoloweshwa. Wote walisafishwa vidonda na kutunzwa kwa uangalifu. Baada ya majuma kumi na mawili, wa kolajeni waliopona kabisa walikuwa 51, yaani 37 kwa mia. Wa shashi waliopona walikuwa 39, yaani 28 kwa mia. Tofauti ipo, lakini waliopiga hesabu walisema si kubwa kiasi cha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu.

Tangu hapo yamefanyika majaribio mengine, mengi yake madogo, na baadhi yameonyesha faida. Wapo madaktari wanaokitumia na kukisifu. Lakini jopo la wataalamu wa mataifa mengi wanaoshughulika na miguu ya wenye sukari, katika mwongozo wao wa mwaka 2023, walishauri kwamba kolajeni isitumike kwa ajili ya kuponyesha vidonda hivyo. Hawakusema kuwa ni sumu. Walisema ushahidi hautoshi.

Tazama tena hesabu zile. Kwa shashi na maji safi peke yake, pamoja na utunzaji mzuri, zaidi ya robo ya wagonjwa walipona katika majuma kumi na mawili. Na kwa kitambaa cha ghali, zaidi ya nusu walikuwa bado hawajapona. Maana yake ni mbili: utunzaji ndio wenye kazi kubwa, na subira ni sehemu ya dawa.

MAMBO MANNE YANAYOTANGULIA

La kwanza ni kuondoa uzito. Hapo zamani watu walidhani mgonjwa wa ukoma ana nyama mbovu isiyoweza kupona. Daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, alitazama kwa makini akaona sivyo. Nyama yao ilikuwa nzima na yenye uwezo wa kupona. Kilichokufa ni hisia. Mgonjwa hakusikia maumivu, kwa hiyo aliendelea kukanyaga juu ya kidonda siku nzima, na kila hatua ilikibomoa upya. Brand aliwafunga mguu kwa plasta ngumu, ile wanayofungwa waliovunjika mfupa, ili uzito usikae mahali pamoja. Vidonda vya miaka vikaanza kufunga. Baadaye alihamia Carville, Marekani, na elimu ile ile ikatumika kwa wagonjwa wa sukari, maana sukari nayo huua hisia za miguu.

Elimu hiyo yatuhusu sisi. Walezo, nje kidogo ya mji wetu, ndiko masista wa Kikatoliki walikowatunza kwa miaka mingi wagonjwa wa ukoma na wazee wasio na jamaa. Na kabla yake, mwaka 1860, Padre Armand Fava na masista wa Mabinti wa Maria waliwasili Unguja kutoka Réunion wakafungua hospitali mjini. Watu wale hawakuwa na kolajeni. Walikuwa na maji, vitambaa, mikono yenye huruma, na kitanda. Usikidharau kitanda. Mtu aliyelala hakanyagi kidonda chake.

Basi kama una kidonda cha wayo, muulize daktari: nitaondoaje uzito hapa? Pengine atakupa plasta, au kiatu maalum, au magongo. Kama ukifungwa kitambaa cha bei kubwa kisha ukarudi kwa miguu kutoka Mkunazini hadi Mwembetanga juu ya kidonda hicho hicho, fedha yako umeikanyaga njiani.

La pili ni damu. Wajenzi huletwa na damu, na chakula chao huletwa na damu. Daktari hutafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha mguu. Yakikosekana, hapana budi uchunguzwe mishipa, kwa maana hakuna kitambaa kinachoweza kuponyesha mahali damu isipofika. Kidole kilichogeuka cheusi na baridi si cha kubandikwa kitu nyumbani. Ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Na mvuta sigara ajue kwamba anaibana mishipa ile ile anayoomba ifunguke.

La tatu ni uchafu. Nyama iliyokufa hukatwa na mtu aliyefundishwa, kwa vyombo safi. Vijidudu vikiwa vimeingia ndani, mgonjwa huhitaji dawa za kumeza au sindano. Kolajeni iliyowekwa juu ya usaha ni zulia lililotandikwa juu ya taka.

La nne ni sukari na chakula. Sukari ikiwa juu, askari wa mwili hulegea na wajenzi huchelewa. Usiache insulini au vidonge kwa kuwa sasa unashughulika na kidonda. Kidonda chenyewe huipandisha sukari. Na mwili hauwezi kusokota kolajeni yake bila vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walitokwa damu kwenye fizi, na makovu yao ya zamani yakafunguka upya. Mwaka 1747 daktari James Lind alipowapa wagonjwa wawili machungwa na malimau ndani ya merikebu, hao ndio waliopona upesi kuliko wenzao. Sisi tunaokaa kisiwa cha machungwa, mapera na maembe hatuna udhuru. Mwenye sukari ale kwa kiasi alichoelekezwa. Pera moja lina vitamini C ya kutosha kwa siku nzima. Ongeza samaki, maharage, dengu au yai, maana nyuzi haziwezi kusokotwa bila usumba.

VITAMBAA VYA KAWAIDA

Wako wanaosema kidonda kiachwe wazi kipate hewa, kikauke na kufanya kigaga. Mwaka 1962 huko London, George Winter alijaribu kwa nguruwe. Vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu vilifunga kwa ngozi mpya kama mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa vikauke. Tangu hapo kanuni ni hii: kidonda kisiwe kikavu wala kisielee kwenye maji. Shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, ikafunikwa shashi kavu, ikabadilishwa kama mwuguzi alivyoagiza, bado ni kitambaa cha heshima.

Na asali? Kwa majeraha mepesi ya moto asali imeonekana kusaidia yapone siku chache mapema. Lakini kwa kidonda cha mguu wa mwenye sukari, mwongozo ule ule wa mwaka 2023 haushauri asali. Usiweke kabisa majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe, wala unga wa kapsuli ulizozifungua mwenyewe. Vitu hivi vimewafikisha wengi kwenye msumeno.

MGUU USIOSIKIA

Huko Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya miguu ya wenye sukari. Chini ya mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua waliwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kuikagua na kuitunza miguu hiyo kabla haijafika ya kukatwa. Mwaka 2005 walichapisha habari ya kusikitisha: wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasiamke, kwa sababu miguu yao ilikuwa imekufa ganzi. Mwenye mguu wa namna hiyo alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na chumba kisibaki na makombo ya chakula.

Kuna kipimo chepesi unachoweza kufanya nyumbani leo jioni, kilichotoka mji wa Ipswich, Uingereza. Mwenye sukari alale chali, afumbe macho. Mwanawe au mkewe amguse kwa ncha ya kidole, taratibu, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili. Agusa kidole gumba, kidole cha kati na kidole kidogo cha kila mguu, jumla mahali sita. Kila anapoguswa aseme "naam". Akikosa kusikia mahali pawili au zaidi, miguu hiyo imepungukiwa na hisia, na yafaa aende kuonana na daktari hata kama hana kidonda.

Kisha aanze desturi hizi. Kila jioni atazame nyayo zake, na asiyeweza kuinama atumie kioo au macho ya mjukuu. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba, hata ufukweni, maana mchanga wa saa saba mchana huunguza mguu usiosikia. Kabla ya kuvaa makubazi au viatu, atie mkono ndani apapase kama kuna kokoto au msumari. Sugu asizikate kwa wembe.

KABLA YA KULIPA

Basi msomaji wangu, kama mtu wa nyumbani mwako ameshauriwa kitambaa cha kolajeni, usikatae kwa pupa wala usikubali kwa pupa. Muulize anayekishauri maswali haya, kwa adabu, naye mtaalamu wa kweli hatachukia:

1. Je, mapigo ya damu mguuni yamepimwa, na sukari ikoje?

2. Je, nyama iliyokufa imekwisha kuondolewa, na hakuna usaha ndani?

3. Uzito utaondolewaje wakati kidonda kinapona?

4. Kolajeni hii imetoka kwa mnyama gani? Swali hili ni haki ya kila mgonjwa. Mji wetu ni wa watu wa dini nyingi. Mwislamu atataka kujua kama ni nguruwe, na Mhindu atataka kujua kama ni ng'ombe. Ni vizuri aulize mapema, na akitaka ashauriane na viongozi wa dini yake, kuliko kuja kujua baadaye na kufadhaika. Kuna na sababu ya kitabibu: mwenye mzio wa kitu cha mnyama huyo asifungwe kitambaa chake.

5. Nani atakibadili, wapi, na mara ngapi? Mtu wa Nungwi au Makunduchi asiahidi kuja mjini kila siku ya tatu kama nauli haipo. Aulize kama hospitali ya Kivunge au ya Makunduchi yaweza kumfunga huko huko, au kama binti yake aweza kufundishwa.

6. Tutajuaje kama kinasaidia? Pima urefu na upana wa kidonda kwa rula kila juma, na uandike katika daftari pamoja na tarehe. Kidonda cha mguu wa sukari kisichopungua nusu katika majuma manne chahitaji mpango mwingine, wala si kununua kitambaa kile kile tena.

Kama majibu ni mazuri na fedha ipo, kitumieni. Kama fedha ni ya kuuza mbuzi au shamba la mikarafuu, basi itumike kwanza kwenye nauli ya kliniki, dawa ya sukari, kiatu kinachoondoa uzito, na chakula. Hizo ndizo kuta, paa litafuata.

DALILI ZA KUTOKUNGOJA

Mwenye sukari akipata kidonda chochote cha mguu, hata kidogo kama punje ya mtama, aonane na daktari siku hiyo au siku ya pili. Mjini kuna kliniki ya kisukari katika hospitali ya Mnazi Mmoja. Asingoje maumivu, kwa kuwa mguu usiosikia hautamwambia. Na mtu yeyote, mwenye sukari au asiye nayo, akimbilie hospitali akiona wekundu unaotambaa, uvimbe wenye joto, harufu mbaya, homa, au ngozi inayogeuka nyeusi. Aliyechomwa na msumari au jiwe la bahari aoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, kisha aulize habari za sindano ya pepopunda.

Nimewasikia watu wakisema, "Mguu ule ulikuwa umeandikiwa kukatwa." Mara nyingi haukuandikiwa. Ulianza kwa lengelenge la Jumatatu, ukafichwa chini ya kanga hadi mwezi wa pili, kwa haya, au kwa hofu ya kuwasumbua watoto. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, mwambie baba au bibi: "Niwekee miguu yako hapa niitazame." Ukiona kitu, kesho asubuhi mwende pamoja kliniki.

Wasalaam, hadi juma lijalo.